Kupima ardhi inavyosogea kwenye ufa na kufuatilia matetemeko yake, hatua kwa hatua

Swali ninaloulizwa kila mara na watu wanaotaka kuanza kazi hii ni "ninunue mashine gani", na mimi huwa nawarudisha nyuma kidogo manake mashine sio kitu cha kwanza. Cha kwanza ni kujua unalinganisha nini na nini. Ardhi yote iko safarini, bamba zima la miamba linatembea, kwa hiyo ukisema "hapa pamesogea" lazima useme pamesogea ukilinganisha na wapi, toka lini, na kipimo chako kinaweza kukosea kiasi gani. Ukiyashika hayo matatu hata kazi ya nondo na futi inakuwa na maana, ukiyaacha hata antena ya bei mbaya itakupa namba za uongo na hutajua.

Hatua ya 1: jua ufa wako unateleza au umebana

Hapa ndo watu wengi wanapotea, kwa hiyo twende taratibu. Ufa ni mpasuko ardhini ambapo miamba ya upande mmoja inapishana na ya upande mwingine, na pande hizo mbili zinasukumwa muda wote. Kuna nyufa zinazoteleza kidogo kidogo bila kishindo, na kuna zilizobana, yaani miamba imeng'ang'aniana pale kwenye ufa wenyewe huku ardhi ya mbali inaendelea kwenda, kwa hiyo ya katikati inapinda kama fito unayoikunja mkononi, mpaka siku inashindwa kuhimili inafyatuka na hilo ndo tetemeko. Hii picha ilitoka kwenye vipimo vya kawaida kabisa vya wapima ardhi: baada ya tetemeko la San Francisco la 1906, mtaalamu wa Marekani Harry Fielding Reid alilinganisha mahali alama za upimaji zilipokuwa kabla na baada, akaona zilizo karibu na ufa zimeruka sana na za mbali kidogo, na mwaka 1910 akaeleza kwamba ardhi ilikuwa imejikunja kwa miaka mingi kabla ya kuachia.

California utakuta aina zote mbili. Kwenye ufa wa Calaveras, pale mji wa Hollister, kingo za njia na kuta zimepinda kwa sababu ufa unateleza chini yake, wakati vipande vingine vya ufa mkubwa wa San Andreas vimebana kimya toka 1906 au hata toka 1857.

Kwa nini nakazania hili? Kwa sababu linaamua uweke vipimo wapi. Chukua ufa uliobana mpaka kina cha kilomita 15, na bamba hili linapishana na lile kwa milimita 10 kila mwaka. Ukiweka alama mbili mita 10 upande huu na mita 10 upande ule, mwaka mzima utaona mabadiliko ambayo hayafiki hata sehemu ya mia ya milimita, yaani hakuna kitu, na mtu asiyejua atasema ufa umekufa. Lakini ukiweka alama kilomita 15 upande huu na kilomita 15 upande ule utaona nusu ya mwendo wote, milimita 5. Kanuni ya kukumbuka ndo hiyo, nusu ya mwendo unaipata ndani ya umbali unaolingana na kina cha kubana, nusu nyingine iko mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo ufa uliobana unahitaji mtandao wa alama, chache karibu, nyingine kilomita 10, 20, mpaka 50 au zaidi kila upande. Ufa unaoteleza unahitaji alama zinazouvuka pale pale.

Kama hujui wako ni wa aina gani angalia vitu vilivyonyooka vinavyouvuka, ukuta, reli, mfereji, ukingo wa barabara. Vikiwa vimepinda taratibu bila tetemeko kusikika, unateleza.

Hatua ya 2: alama za kuvuka ufa

Hii ni kazi ya mikono na mimi naipenda kuliko zote. Chagua sehemu ambayo ufa ni mwembamba na unaonekana, chimba kila upande mpaka ufike kwenye mwamba au udongo mgumu usiochezacheza, simamisha nondo, mwaga zege, alafu juu ya nondo gonga kitobo kidogo sana, kisizidi ncha ya peni. Hicho kitobo ndo kipimo chako, sio nondo. Ukiandika tu "napima toka kwenye nondo" leo utashika ukingo wa kushoto mwakani utashika wa kulia, na hapo tayari umekula milimita kumi.

Usiweke alama mbili tu, weka nne, mbili kila upande ziwe kama pembe za uwanja, upime pande zote na mishazari yake miwili. Faida yake ni kwamba alama moja ikilegea utaijua, sababu vipimo vinavyoigusa vyote vitaharibika wakati vingine vimetulia. Kama ufa unapishana kwa kulala, yaani upande mmoja unaenda kushoto na mwingine kulia, basi mstari unaouvuka kwa mshazari ndo unaoonyesha mwendo, ule unaouvuka kwa kuukingama, nyuzi 90, karibu hauoni kitu. Mfano mstari wako una nyuzi 30 na ufa na umerefuka kwa milimita 4.3, gawanya kwa kosaini ya 30 ambayo ni 0.866, unapata ufa umeteleza karibu milimita 5.

Sasa joto. Chuma kinarefuka karibu mikroni 12 kwa kila mita kwa kila digrii moja, kwa hiyo futi ya chuma ya mita 20 ukiitumia asubuhi kukiwa na digrii 15 na mara nyingine mchana digrii 25, umejitengenezea milimita 2.4 ambazo hazipo ardhini. Pima saa ile ile, andika joto, vuta futi kwa nguvu ile ile (mizani ya kuning'iniza inasaidia sana hapa), rudia mara tano na uandike zote tano, sio wastani tu. Vituo vya kudumu vinatumia waya wa inva, aina ya chuma chenye nikeli ambacho kinarefuka kama sehemu ya kumi tu ya chuma cha kawaida, na sensa ya kusoma usiku na mchana.

Alafu kuna mvua. Niliwahi kufuatilia mstari mmoja ukasogea milimita 9 ndani ya miezi miwili, nikajaza daftari, nikachora grafu, moyo unadunda kabisa. Msimu wa ukame ulipofika mstari ukarudi ulikotoka karibu wote. Ulikuwa ni udongo wa mfinyanzi unaovimba ukinywa maji, na nondo zangu zilikuwa hazijafika kwenye mwamba. Toka hapo kila alama naweka na kipimo cha mvua karibu yake, na sisemi lolote kuhusu mwendo mpaka nimeona angalau misimu miwili kamili.

Hatua ya 3: GPS

GPS ya simu isahau, inakosea kwa mita kadhaa. Unahitaji risiva ya kupimia ardhi inayopokea masafa mawili au zaidi na kurekodi fezi ya mawimbi yenyewe, yaani wimbi limefika sehemu gani ya mzunguko wake, sio mahali tu. Hiyo ukiiacha irekodi masaa 24 na ukaichakata vizuri inakupa milimita chache kwa upande wa kulala. Kwa juu na chini ni mbaya zaidi mara mbili au tatu, kwa hiyo usiharakishe kutangaza kwamba ardhi imepanda.

Njia mbili zipo. Ya kwanza ni kituo cha kudumu, antena imefungwa kwenye nguzo iliyozama kwenye mwamba inarekodi siku zote. Japani wana mtandao wa vituo karibu 1,300, na ndo maana tetemeko la tarehe 11 Machi 2011 lilipotokea walijua rasi ya Oshika imeenda mashariki zaidi ya mita 5 na imezama zaidi ya mita 1. Njia ya pili ni kampeni, unaenda na stendi ya miguu mitatu kwenye alama, unarekodi siku mbili au tatu, unaondoka, unarudi mwakani msimu ule ule. Kampeni inatosha kabisa kama huna vifaa vingi, ila inadai subira. Kipimo kinachokosea milimita 3 kwenye ufa wa milimita 5 kwa mwaka, mwaka wa kwanza hausemi kitu cha uhakika, wa tatu unaanza kusema, wa tano unaweza kusimama mbele za watu.

Kosa linaloua kampeni nyingi ni urefu wa antena. Kuna urefu wa wima kutoka alama mpaka antena, na kuna urefu wa mshazari kutoka alama mpaka ukingo wa antena, mtu mmoja anaandika huu mwingine anaandika ule na hakuna anayesema ni upi, miaka mitatu baadaye kituo kinaonekana kimezama sentimita kadhaa. Andika ni upi, chora kapicha kwenye karatasi, piga picha futi ikiwa imeshikwa pale pale, na pima mwanzo na mwisho wa kurekodi. Pia hakikisha anga iko wazi, miti na kuta za karibu zinarudisha mawimbi na kuyavuruga.

Kuchakata sio lazima ujue programu ngumu siku ya kwanza. Badili mafaili yako kuwa RINEX, muundo wa faili ambao programu zote za GPS zinausoma, alafu yatume kwenye huduma za bure kama CSRS-PPP ya Kanada au AUSPOS ya Australia. Kama unaweza subiri wiki mbili tatu kwanza, ili watumie njia za setilaiti zilizosahihishwa kikamilifu. Jibu litakuja kwenye mfumo wa dunia nzima, na ndani yake vituo vyako vyote vitaonekana vinakimbia upande mmoja kwa sentimita kadhaa kwa mwaka, usishtuke, hilo ni bamba linavyotembea. Toa mwendo wa bamba, au chagua kituo kimoja cha mbali kilichotulia utoe mwendo wake kwa vyote, kinachobaki ndo habari ya ufa.

Hatua ya 4: rada ya setilaiti

Hapa huhitaji kufika huko kabisa. Setilaiti ya Sentinel-1, ya kwanza ilirushwa 2014, inapiga picha za rada na data zake ni bure. Unachukua picha mbili za sehemu moja za tarehe tofauti, unalinganisha fezi, unapata ramani yenye mikanda ya rangi inayoitwa intaferogramu. Wimbi lake lina urefu wa sentimita 5.6 na rada inaenda na kurudi, kwa hiyo kila mzunguko mmoja kamili wa rangi ni ardhi imesogea sentimita 2.8 kuelekea au kutoka kwenye setilaiti. Hesabu mikanda, zidisha, umepata. Tetemeko la Landers la 1992 huko California ndo la kwanza kuonekana hivi, na 2005 huko Afar, Ethiopia, rada ilionyesha bonde limepasuka kwa urefu wa kama kilomita 60 na kutanuka mpaka mita 8 baada ya magma kuingia chini, sehemu ambayo kufika kwa miguu ni shida kubwa.

Programu ya bure ya SNAP inatosha kuanzia. Chagua picha za njia ile ile ya setilaiti, ondoa mchango wa milima kwa ramani ya miinuko, chuja, alafu badili mikanda ya rangi iwe namba za mwendo. Mitego ni mitatu. Msitu, sababu majani yanabadilika kati ya picha na picha na mikanda inavurugika, hapo rada za wimbi refu kama ALOS-2 zinafanya vizuri zaidi. Mvuke wa maji angani, ambao unaweza kuchora mikanda mizuri kabisa inayofuata mlima na ukadhani mlima unavimba, dawa yake ni kutumia picha nyingi, makumi, sio mbili. Na wa tatu, rada inaona mwendo wa kuelekea kwake tu, na mwendo wa kaskazini kwenda kusini karibu hauoni kabisa. Kwa hiyo tumia njia zote mbili, setilaiti ikipanda na ikishuka, na kila mara linganisha na GPS hata kama una kituo kimoja tu.

Hatua ya 5: kusikiliza matetemeko

Ufa wa kutisha unaweza kuwa na matetemeko madogo kila wiki ambayo hakuna mtu anayeyasikia, na hayo madogo ndo yanayokuchorea ufa uko wapi chini ya ardhi, umelala vipi na unafika kina gani. Seismomita, yaani kifaa kinachorekodi mtikisiko wa ardhi, sio lazima iwe ya chuo kikuu, kuna vifaa vidogo kama Raspberry Shake vinavyofanya kazi vizuri kwa matetemeko ya karibu. Kinachoamua ni mahali. Kaa mbali na barabara, pampu, miti mirefu (upepo ukitikisa mti mizizi inatikisa ardhi), chimba ufike kwenye mwamba, weka kigae au zege laini, sawazisha kwa pimamaji, elekeza kaskazini ya kweli na sio ya dira tu, funika kuzuia upepo na joto. Alafu saa. Saa ya kifaa lazima ishikiliwe na GPS, sababu mawimbi yanaenda kilomita 6 kwa sekunde, saa ikikosea sekunde moja umekosea kilomita 6.

Tetemeko la karibu kwenye skrini lina sura yake. Mstari umetulia, ghafla kwenye chaneli ya wima kunaruka mpigo mdogo wenye ncha, hilo ni wimbi la P, linalofika kwanza, alafu baada ya sekunde chache chaneli mbili za kulala zinalipuka kwa ukubwa zaidi, hilo ni wimbi la S, linaloenda polepole zaidi. Hesabu sekunde kati ya P na S zidisha kwa 8, unapata kilomita kwa makadirio. Sekunde 4.5 ni kama kilomita 36. Kwenye ramani chora duara la kilomita 36 kuzunguka kituo chako, fanya hivo kwa vituo vitatu, pale yanapokutana ndo kitovu. Hayatakutana kwenye nukta moja, yatakutana kwenye kieneo, na ukubwa wa hicho kieneo ndo makosa yako, uandike. Kina ni kigumu zaidi, unahitaji kituo cha nne na angalau kimoja kiwe karibu na tetemeko, kwa umbali usiozidi sana kina chenyewe. Na vituo vizunguke ufa, vikiwa vyote upande mmoja matetemeko yako yatajipanga mstari mzuri ambao haupo. Ukishazoea mkono hamia kwenye programu ya ObsPy, ni bure, inasoma mafaili yote ya vifaa hivi.

Kabla hujaamini orodha yako fanya jaribio hili, chora matetemeko kwa saa za siku. Yakijaa mchana siku za kazi na usiku hakuna kitu, hayo ni baruti za machimbo ya mawe. Yakizidi usiku tu, maana yake mchana kelele za watu zinayaficha madogo. Alafu yahesabu kwa ukubwa: kwa kawaida kila tetemeko moja la 4 linakuja na kama kumi ya 3 na kama mia ya 2, uhusiano ambao wataalamu wa matetemeko Gutenberg na Richter waliuandika miaka ya 1940. Ukiona namba inaacha kuongezeka unavyoshuka, hapo ndo vifaa vyako vinaacha kusikia, usifanye hesabu yoyote chini ya hapo.

Hatua ya 6: unganisha

Sasa unaweza kukadiria ufa unaweza kuachia nini. Zidisha urefu wa kipande kilichobana, kina chake, mtelezo, na ugumu wa mwamba ambao ni kama paskali bilioni 30. Kipande cha kilomita 20 kwa 10 kikiteleza mita 1 ni nyutonimita 6 zikifuatwa na sifuri 18, na hiyo ni tetemeko la kama 6.5. Hiyo mita 1 kwenye ufa wa milimita 10 kwa mwaka inakusanywa kwa miaka 100. Ukumbuke pia kila namba moja ya ukubwa ikipanda nishati inapanda kama mara 32, kwa hiyo matetemeko madogo hayamalizi deni, watu wanaambiwa hivo kila siku na sio kweli.

Lakini usitoe tarehe. Parkfield, California, ilitetemeka 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966, wataalamu wakaona inarudi kila miaka 22 hivi, wakajaza vifaa vya kila aina na kusema lijalo litakuja kabla ya 1993. Lilikuja tarehe 28 Septemba 2004, na kwenye vifaa vyote hivyo hawakuona dalili ya wazi kabla. Unachoweza kuwapa watu kwa haki ni wapi, ukubwa gani unawezekana, na ardhi gani isijengwe juu ya ufa, na hicho kinaokoa watu wengi sana.

Hatua ya 7: likitokea

Siku hiyo muda ndo unakwisha haraka kuliko kitu chochote. Hakikisha uko salama kwanza, matetemeko ya kufuatia yapo, mtaalamu wa Japani Omori alishaonyesha mwaka 1894 kwamba yanapungua kadri siku zinavyopita lakini yanaweza kuendelea kwa miaka, kwa hiyo usisimame chini ya mwamba wala ukuta uliopasuka. Alafu kimbilia vitu vilivyokatika, mistari ya barabara, uzio, mitaro, sababu ndani ya siku mbili tatu watu watakuwa wameshavitengeneza na mvua imefuta vingine. Pima upande wa kulala na wa wima kila kimoja peke yake, weka futi kwenye picha, andika saa. Na alama zako za hatua ya 2 zipime siku hiyo hiyo, kesho yake, siku ya nne, ya nane, ya kumi na sita, uendelee kuongeza mara mbili hivo, kwa sababu ufa unaendelea kuteleza baada ya tetemeko, kasi sana mwanzoni alafu inafifia, na zile siku za mwanzo ukizikosa haziwezi kupimwa tena.